Miguu ya Chiriku

Chiriku akitoka shule, havui hata soksi. Hupitiliza hadi chumba cha uani, ambako shangazi yake hukaa akiandika. Chiriku ni jina la utani, alilipata kwa maneno yake mengi.

Shangazi alikuwa mwandishi wa watoto, wala hakuwa mtu wa kazi moja: leo mashairi, kesho mchezo wa kuigiza, keshokutwa kitabu cha siafu. Chochote alichoandika, Chiriku ndiye aliyesomewa kwanza. Shangazi alisoma huku akimtazama miguu. Ikianza kuchezacheza tu, alikata sentensi kwa kalamu nyekundu, maana hapo hadithi imechosha.

Juma lile Chiriku alimsikia baba akimwambia mama kwamba mchapishaji ameukataa mswada wa shangazi. "Akikataliwa tena, anasema ataacha kuandika," baba alisema. Chiriku moyo ulimuuma. Basi shangazi aliposoma hadithi mpya ya mbuzi aliyetaka udereva, akafika kwenye safari ya mlimani isiyokwisha, mtoto wa watu aliibana miguu ikatulia tuli.

"Tamu, shangazi," akasema.

"Basi kesho naipeleka." Uso wa shangazi ulichangamka.

Jioni ile chakula hakikumshuka Chiriku. Asubuhi alimkuta shangazi akitia karatasi kwenye bahasha.

"Shikamoo, shangazi. Jana nilikudanganya. Ile safari ya mlimani ilinichosha. Niliibana miguu kwa sababu nilikuonea huruma."

Shangazi akaketi kitako. Chiriku akangoja kugombezwa, machozi yakimlengalenga. Mara shangazi akashusha pumzi ndefu, akacheka.

"Marahaba, mwanangu. Loo, umenitua mzigo. Tangu jana hapo mlimani pananikereketa, nikadhani nimezeeka, maana miguu yako haikusema kitu."

Akazichomoa kurasa za mlima, akazichana. Chiriku naye akahisi kifua kimemfunguka, akapata hata hamu ya chai.

"Sikiliza, mama," shangazi akasema. "Kunisifia hadithi mbovu si huruma. Mchapishaji angeikataa, nami nisingejua nimekosea wapi. Anayekupenda hukwambia ukweli mapema, ungali unaweza kurekebisha. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Chiriku akasita kidogo. "Shangazi, na mwisho nao haunogi."

Shangazi akamkodolea macho, kisha akazimwaga mezani karatasi zote zilizobaki.

"Haya, nimeyataka mwenyewe. Kaa hapa unieleze."