Marehemu Anakanyaga Cherehani

Boke alimkuta mwanaume ameingiza mkono mpaka begani ndani ya kiroba chake cha mabaki ya vitambaa.

Alikuwa ametoka mara moja tu kununua vifungo. Siku hiyo soko la Tarime lilikuwa limefurika: bodaboda zinapiga honi, makondakta wa mabasi ya Musoma wanaita abiria mpaka sauti zinakauka, na pale kwenye kibaraza cha mafundi, huyu bwana, shati jeupe limenyooshwa pasi kama la harusi, anachimba takataka.

"We mura!" Boke alipaza sauti kwa Kikurya, we kijana. "Unaiba mpaka mabaki?"

Mwanaume akageuka taratibu. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na uzi mwekundu umemning'inia kwenye ndevu.

"Siibi, dada. Natafuta namba tano."

Boke akamtazama Jerioth, fundi mwenzake. Jerioth akazungusha kidole kando ya kichwa: huyu si mzima.

"Namba tano imo humo?"

"Ikiwemo jinzi ngumu, imo. Nikate namba ambayo mtoto anaweza kuisoma kwa vidole. Mimi ni mwalimu. Nina mwanafunzi haoni. Nina mwingine anaona vizuri, ila namba ya ubaoni haimkai mpaka aishike. Kuna mmoja hasikii. Na waliobaki wanasikia na kuona, lakini wamechoka kuimba moja mbili tatu kama kasuku."

"Wote hao darasa moja?"

"Darasa moja, somo moja, siku moja. Ndiyo maana unaniona nimezama kwenye kiroba."

Boke alicheka, akavuta kiti. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, limemkaa kiunoni, na tepu ya kupimia imelala shingoni kama mkufu. Mwalimu alilitazama gauni kuliko alivyotazama jinzi.

"Naitwa Oduol. Nafundisha kule Gorong'a. Dada kwenu wapi?"

"Ringwani," Boke akasema haraka.

Ringwani hakuwa na hata shangazi. Kwao ni hukohuko Gorong'a, na huko, kwa mama yake, alikuwa na binti aitwaye Robi, ambaye hakusikia tangu kuzaliwa. Baba wa mtoto alipogundua, alihama bila kuaga. Boke alimlea mwenyewe katika chumba cha kupanga mjini, akampeleka shule, na siku moja akamkuta amesimamishwa kona huku wenzake wanaiga sauti yake na mwalimu wao anacheka nao. "Mpeleke nyumbani," mwalimu yule alimwambia. "Huyu anatupotezea muda." Boke alimbeba mpaka kwa bibi yake, akaagiza: asiende tena shule yoyote, sitaki achekwe. Tangu hapo alituma matumizi tu, hakurudi Gorong'a. Pale sokoni, zaidi ya Jerioth, hakuna aliyejua kwamba Boke ni mama.

Kwa hiyo mwalimu aliposema ana mtoto asiyesikia, Boke alisikia wivu. Kumbe kuna mama mwenye bahati.

Namba tano ikawa namba kumi. Namba kumi zikawa kitambaa kikubwa cha mifuko ya kutia maharage, ili mtoto ahesabu kwa kutia na kutoa. Kila alipokuja mjini Oduol alileta wazo jipya na samaki wa kwao Rorya, na Boke alishona usiku na mchana bila kujua anamshonea nani hasa.

"Fundi wangu," Oduol alimwambia siku moja wakinywa soda, "wewe nikikuoa, shule itapata vifaa bure."

"Kumbe unaoa sindano."

"Naoa mkono unaoshika sindano."

"Mjaluo kwa maneno! Ng'ombe unao?"

"Nina mjomba anao."

Wakacheka mpaka mwenye duka akawatazama. Boke alikata shauri amwambie habari za Robi hapohapo, kabla hayajafika mbali. Akafungua mdomo. Ila Oduol alikuwa ameshaanza kusimulia juu ya boma moja la jirani, ambako walimfungia ndani mtoto mlemavu wageni walipofika.

"Mzazi anayemficha mtoto simwelewi," alisema. "Simwelewi kabisa. Huyo si mzazi."

Boke akaufunga mdomo. Tangu siku hiyo alijua jambo moja: akimtaja Robi, atampoteza Oduol. Na Oduol kila akipiga simu anauliza, "Lini nawatuma wazee Ringwani?"

*

Simu iliyovunja kila kitu iliingia jioni moja, jua bado liko juu ya mabati. Boke aliibana kati ya sikio na bega, miguu inakanyaga cherehani.

"Jaber wangu, hujambo?" Oduol alimwita kwa Kijaluo chao, mrembo.

"Sijambo, mwalimu wa maharage. Leo umefundisha nini?"

"Familia. Nikawaambia kila mtu anieleze nyumbani kwao kuna nani, kwa njia anayoiweza. Wa kuandika waliandika, wa kuchora wakachora. Nashoni, yule asiyeona, aliimba majina ya ndugu zake wote mpaka na mbwa. Wengine niliwapa udongo wafinyange."

"Na asiyesikia?"

"Huyo kanishinda. Alifinyanga bibi, akafinyanga na mbuzi. Halafu akaacha udongo, akakaa chini, akalaza kiganja sakafuni, mguu ukaanza kupiga. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Namwuliza kwa alama, huyu nani? Anapiga tu. Nikadhani anacheza. Lakini alikuwa analia, jaber."

Miguu ya Boke ilisimama juu ya chuma.

Robi alipokuwa mdogo alikaa chini ya cherehani kutwa nzima, kiganja sakafuni, akisikiliza kwa mkono. Cherehani ikinyamaza, anainua uso kuuliza: mama, kuna nini?

"Upo?" aliuliza Oduol.

"Nipo." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mama yake... mama yake yuko wapi?"

"Hana mama. Alishafariki. Bibi yake aliniambia siku ya kumwandikisha, tena kwa machozi. Boke? Haloo?"

Boke alijishika kifua kwa mkono wazi, kama mtu anayehakikisha. Kulikuwa na kitu kinadunda.

Jerioth alimkuta ameduwaa, sindano imekwama katikati ya sketi ya watu.

"Umepatwa na nini?"

"Jerioth, nimekufa."

"Unasemaje?"

"Nimekufa. Mama kanizika. Na Oduol anamhurumia yatima wangu."

Siku zilizofuata hakushika simu. Ilipolia aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Mwishowe Jerioth akaipokea na kumbandikia sikioni kwa nguvu.

"Niambie tu," Oduol alisema, sauti imepasuka. "Kuna mwanaume mwingine?"

"Hakuna."

"Basi kuna nini?"

"Kuna msiba."

"Pole! Msiba wa nani?"

Boke aliinyakua simu mkononi mwa Jerioth. Akakata simu. Kesho yake asubuhi alivaa lile gauni la njano na viatu vyeupe vya mkanda, akapanda bodaboda kwenda Gorong'a.

*

Mama yake, ambaye watu humwita Mama Mniko kwa jina la kaka yake Boke, alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja bila kupiga simu?"

"Marehemu hana simu."

Kisu cha mama kilisimama, halafu kikaendelea.

"Nani kakuambia?"

"Mama! Umeniua kweli?"

"Kidogo tu," alisema mama. "Ulikataza asiende shule. Mimi namwona kutwa amekaa na mbuzi, anatazama wenzake wakipita na madaftari. Ningesema mama yupo, mwalimu angekuita. Ungekuja, ungemrudisha kwa mbuzi. Nikachagua."

"Ukachagua kuniua!"

"Kanisani walikuombea vizuri. Mniko alinuna, baadaye akazoea." Akainua macho, na sasa hakuwa na mzaha. "Wewe uliaibishwa siku moja, binti yangu, ukamkatisha mtoto shule maisha yake yote. Nani kaua hapo?"

Boke alishika mkoba wake. Aligeuka akaenda shuleni, nusu anatembea nusu anakimbia.

Mlango wa darasa ulikuwa wazi. Oduol alikuwa akipiga ngoma iliyolazwa juu ya meza ndefu. Nusu ya watoto walihesabu kwa masikio, nusu wamelaza viganja mezani wakihesabu mtetemo, na mvulana asiyeona, macho juu, alipapasa namba za jinzi kutafuta jibu. Ukutani kilining'inia kile kitambaa cha mifuko. Boke aliitambua mishono yake, kila mmoja. Kwa muda wote ule alikuwa akimshonea mwanawe, na hakujua.

Robi alikuwa mbele kabisa, na sare, nywele fupi, kiganja mezani. Aliinua vidole saba kabla ya mtu yeyote. Saba ilikuwa sahihi.

Kisha akamwona mama yake mlangoni. Mkono ukabaki hewani. Akamtazama, akamtazama tena, halafu akaugeuzia uso wake ukutani.

"Boke?" Oduol alishusha fimbo za ngoma. Uso wake ulifurahi kwanza, kisha ukashangaa. "Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumwona mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Mwalimu, yule mama aliyekufa ni mimi."

Adero, msichana wa dawati la nyuma, alipiga ukelele, "Mzimu!" Watoto wawili waliingia chini ya dawati. Oduol hakupiga kelele, lakini alishika meza kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi.

Walitoka nje.

"Sikujua ni yeye," Boke alianza. "Nakuapia. Mpaka uliponisimulia ule mguu."

"Ila ulijua una mtoto. Na Ringwani?"

"Sina mtu Ringwani."

"Boke! Mjomba ameshanunua koti la kwenda Ringwani!" Alionyesha darasa kwa kidole. "Nimemfundisha mtoto huyu kwamba mama amelala na haamki. Nimetafuta alama za kumweleza, nikazirudia mpaka akaonekana kukubali. Halafu wewe uko mjini unanishonea mifuko!"

"Ulisema mzazi wa namna hii si mzazi. Ningekuambiaje?"

Oduol aligeukia mlango. "Nina kipindi," alisema. Akaingia ndani, na mlango uliokuwa wazi akaufunga.

*

Alasiri Boke alikuwa amerudi kwa mama yake, amesimama tu, mkoba mkononi, hajui akae au aondoke. Mama hakumkaribisha kiti wala hakumfukuza.

Oduol alikuja na Robi, wameshikana mikono. Mtoto alipomwona Boke akajificha nyuma ya suruali ya mwalimu.

"Nimefundisha vibaya leo," Oduol alisema bila salamu. "Mpaka tarehe ubaoni niliandika ya jana. Niambie kitu kimoja. Kwa nini ulimficha?"

Boke akamwambia. Kona, kicheko, sauti ya Robi ikiigwa, mwalimu yule na meno yake nje. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayefumua mshono, uzi mmoja mmoja. Oduol alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mwalimu alicheka?"

"Alicheka."

"Mbele yake?"

"Mbele yake na mbele yangu."

Oduol aliinua kichwa. "Nilisema simwelewi mzazi anayeficha," alisema. "Sikuwahi kuuliza anamficha asionwe na nani. Sasa nakuelewa. Sijasema nimefurahi."

"Najua."

"Nitakasirika wiki nzima."

"Kasirika hata mbili."

Mdomo wa Oduol ulitaka kucheka, akauzuia. "Wazee wangu waje wapi? Maana koti limeshanunuliwa."

Boke aliukumbatia mkoba. "Bado unanitaka?"

"Nimekuuliza waje wapi."

"Mwulize Robi. Yeye ndiye wa kukubali."

Oduol akachuchumaa, akazungumza kwa mikono. Alimwonyesha Boke kwa kidole, akajionyesha mwenyewe, akaonyesha nyumba. Robi alifuata kila kidole. Kisha akatoka nyuma ya suruali, akasimama mbele ya mama yake, akafanya alama mbili fupi, na macho yake hayakupepesa.

"Amekataa?" Boke alinong'ona.

Oduol alitikisa kichwa. "Hajanijibu mimi. Anakuuliza wewe. Anasema: unaondoka saa ngapi?"

Mama Mniko aliweka kisu chini.

Boke hakujua alama hata moja ya kujibu. Aliinama, akafungua mkanda wa kiatu cha kushoto, kisha wa kulia. Akavivua. Akakaa chini na gauni lake la njano, kwenye vumbi, akavuta beseni la mihogo, akaanza kumenya.

Robi alimtazama akimaliza muhogo wa kwanza. Akamtazama akianza wa pili. Halafu akavinyakua vile viatu vyeupe, kimoja kila mkono, akakimbia navyo kuelekea zizi la mbuzi.

"Na kazi yako ya mjini?" aliuliza mama.

"Jerioth atanipakilia cherehani kwenye gari lolote linalokuja huku."

"Haya. Mwalimu, waambie wazee waje hapa. Ila wanisubiri kwanza Jumapili niwaeleze watu kanisani, wasije wakasema umeoa maiti."

Oduol alicheka sasa, kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa amekibana tangu asubuhi, na Boke akacheka naye huku machozi yakimwangukia kwenye mihogo.

Robi alirudi mikono mitupu. Oduol akamwuliza kwa alama: umevificha wapi? Mtoto akakunja mikono kifuani, akakataa kusema. Kisha akaketi ubavuni kwa mama yake, akachukua muhogo na kumpa.

Boke naye hakuuliza viatu viko wapi.