Kinyozi Aliyegeuza Kioo Ukutani

Siku hiyo mjinga alikuwa kinyozi mwenyewe. Tusimtafutie utetezi. Hata yeye akisimulia leo, huanzia hapo hapo.

Kibanda chake kina kiti kimoja, benchi la kusubiria na kioo kikubwa. Asubuhi ile, kabla hata hajafagia, alikishusha kioo, akakigeuza, akakiegemeza ukutani. Wateja wakabaki kutazamana na mbao za mgongo wake. Kisha akawasha mashine na kumkaribisha mteja wa kwanza.

Sasa, kinyozi hamnyoi mtu kwa kumtazama utosini tu. Husimama nyuma yake, akatazama kioo, akalinganisha panja la kulia na la kushoto. Bila kioo ni kubahatisha. Naye alibahatisha. Alipomaliza, panja la kulia lilikuwa limepanda juu ya sikio. La kushoto lilikuwa bado liko chini, karibu na shavu. Mteja alionekana kama mtu aliyeinama upande mmoja, na kumbe amekaa wima.

Ubaya ni kwamba mteja huyo alikuwa anakwenda kupiga picha ya kitambulisho. Uzuri ni kwamba alikuwa muuguzi, jirani wa nyumba ya pili, na kazi yake ni kuhudumia wagonjwa wa saratani.

Muuguzi alitoa simu, akajitazama. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Halafu akacheka mpaka kitambaa cha kunyolea kikamteleza mabegani.

"Redio," akasema, "hiki kitambulisho nitakaa nacho miaka kumi, ndugu yangu! Umenifanya nini?"

Walimwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Alitangaza mpira, alitangaza harusi za watu, alitangaza hata mvua ambayo haijanyesha. Lakini hayo yalikuwa ya zamani. Mwaka huo alipatikana na saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi wiki saba, siku tano kila wiki. Sasa ilikuwa wiki ya tano tangu amalize. Siku aliyomaliza, ndugu walikuja kwa shangwe. "Umepona! Sasa furahi!" Akatabasamu kama walivyotaka. Walipoondoka alijifungia bafuni, akalia, na hakujua analilia nini.

"Na hicho kioo," muuguzi akauliza, "kimekosa nini hata ukakipa adhabu ya kutazama ukuta?"

"Sitaki kuonana na yule jamaa." Sauti ya kinyozi ilikwaruza kama mlango mkavu.

"Jamaa gani?"

"Aliyemo humo ndani. Shingo nyeusi. Ndevu upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Ndugu yangu, mimi ni kinyozi! Mtu wa hali hiyo angeingia hapa, ningemnyoa wa kwanza kwa huruma."

Muuguzi hakucheka. Akavuta benchi, akakaa. "Endelea."

Basi kinyozi akaendelea. Mdomo mkavu. Chakula kina ladha ya karatasi. Bakuli la uji linamchukua saa nzima, na katikati anakohoa, kwa hiyo anakula chumbani peke yake. Koo likimuuma kidogo tu, anasema moyoni, imerudi.

"Nimechoka," akamaliza. "Jumamosi nampa shemeji yangu ufunguo wa kibanda hiki. Yeye ni kinyozi mtaa wa juu, ataendesha vyote viwili. Mimi basi."

"Nani mwingine anajua haya?"

"Wewe."

"Na mkeo?"

"Mke wangu namwambia niko sawa."

"Naye anakwambiaje?"

"Yuko sawa."

"Ahaa. Kwa hiyo nyumba nzima mko sawa, ila kila mtu analia chumbani kwake."

Kinyozi akajikuta anacheka, bila kupenda.

"Sikiliza," muuguzi akasema. "Wakati wa matibabu ulikuwa na kazi. Amka, nenda, lala kwenye mashine, rudi. Kila siku ulituona. Kazi ilipokwisha, hofu ikapata nafasi ya kukaa. Watu wengi huanza kuzama hapo, baada ya kumaliza. Hiyo haina maana kwamba wewe ni mwoga au huna shukrani."

"Mbona mwili wenyewe haurudi?"

"Unarudi kwa mwendo wake. Mashine huzimwa, lakini mwili unaendelea kuuguza majeraha ya ndani. Uchovu, ngozi na ladha huwa nafuu kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Mate huchelewa zaidi, na pengine yasirudi yote. Kaa na chupa ya maji, unywe kidogo kidogo. Ukiona uvimbe mpya, au damu, au maumivu yasiyoisha, au kumeza kunazidi kuwa kugumu, njoo kliniki tuangalie. Usijipime kwa hofu. Na hiyo shingo usiipake spiriti wala usiipitishie wembe mpaka daktari akuruhusu."

Kinyozi akaisogeza chupa ya spiriti nyuma ya mataulo, taratibu, kama mtu asiyefanya lolote.

"Nimekuona," muuguzi akasema.

"Na huzuni? Hiyo nayo inaletwa kliniki?"

"Inaletwa kama maumivu mengine. Ikikaa wiki mbili haisogei, usingizi huna, hamu ya jambo lolote huna, tuambie. Washauri wapo, na dawa zipo. Na siku ukiwaza kwamba heri ufe, usingoje kesho. Mwambie aliye karibu nawe, mje hospitali siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Jambo kubwa kama kuacha kazi usiliamue sasa. Jipe mwezi. Na jioni hii mwambie mkeo jambo moja la kweli. Moja tu. Haya, rudisha kioo unisawazishe."

Kioo kikarudi mahali pake. Kinyozi alimtazama yule jamaa kwa jicho la pembeni, kama mdeni aliyekutana sokoni na mtu anayemdai. Akafanya kazi yake. Muuguzi akatoka na mapanja yaliyopanda juu mno, lakini sawasawa.

Jioni kinyozi alibeba bakuli lake, akaenda nalo mezani. Mkewe na binti yao wakamsogezea nafasi. Akakaa.

"Naogopa," akasema.

Kijiko cha mkewe kikasimama hewani. "Unaogopa nini, mume wangu?"

"Kwamba itarudi. Na kwamba mtanitazama ninavyokula."

Mkewe akaweka kijiko chini. "Na mimi naogopa. Wewe unakohoa huko chumbani, mimi niko nje ya mlango na glasi ya maji, nimesimama kama askari. Siingii kwa sababu umesema uko sawa."

Binti yao, wa miaka saba, akawatazama wote wawili. "Si akohoe hapa hapa? Maji yako karibu."

Walicheka. Kicheko kikamletea kinyozi kikohozi, na glasi mbili zikamfikia kwa wakati mmoja. Moja ikammwagikia shati. Wakacheka tena.

Tangu hapo akawa anaanza kula nusu saa kabla yao, ili wamalize pamoja. Chakula chake kilikuwa laini, chenye mchuzi mwingi. Mkewe aliacha kuuliza kama yuko sawa. Aliuliza, "Leo ni siku ya namna gani?" Akijibiwa "mbovu," hakumlazimisha kuchangamka. Alikaa naye tu. Na yeye akisema yake ni mbovu, kinyozi alikaa naye pia.

Mazoezi ya taya na shingo aliyopewa hospitali, ambayo alikuwa ameyaweka kando, aliyaanza tena. Aliachama, akatoa ulimi, akapindisha mdomo. Binti yake alikaa mbele yake na kumwiga, na mara nyingi binti ndiye aliyeshinda kwa kutisha.

Kila Jumatano alikwenda kliniki kwenye kikundi cha waliotibiwa kama yeye. Huko alimkuta mama mmoja muuza mboga, mwenye sauti ndogo na mdomo mkali.

"Mimi Jumatatu nalia, Jumanne nauza," mama huyo alimwambia. "Kilio kikinikuta Jumanne, nauza huku nalia. Wateja wanadhani ni vitunguu."

Huyo ndiye aliyemfundisha jibu fupi la kuwapa wadadisi. Kinyozi akalitumia kibandani: "Nilikuwa na saratani ya koo, nimetibiwa, sauti inarudi polepole. Nikunyoe vipi?" Watu wakaacha kumkodolea macho, wakainamisha vichwa wanyolewe.

Si kwamba kila siku ilikuwa tamu. Alhamisi moja alifunga kibanda saa nne asubuhi, akaenda kulala. Ijumaa akafungua.

Shemeji alikuwa ameombwa asubiri mwezi mmoja, na mwezi ukatimia. Jumamosi shemeji akaingia kibandani, mkono mbele, kuchukua ufunguo. Kwenye kiti alikuwa fundi bomba, mteja wa siku nyingi. Alikuwa anasimulia jinsi alivyokwama chini ya sinki la mwalimu mkuu wakati mwalimu mkuu ananawa uso. Kinyozi alikuwa ananyoa, anasikiliza na kunywa maji yake. Mkewe, aliyeleta supu, alikuwa kwenye benchi akijishika mbavu kwa kucheka.

"Haya, shemeji," shemeji akasema, "nimekuja kama tulivyoahidiana."

"Nafikiri nitabaki," kinyozi akajibu.

"Utabaki? Shemeji, nakupenda, na wewe unajua. Lakini watu walikuwa wanakuja kufuata maneno yako. Redio isiyosikika si ni sanduku tu?"

Kinyozi alizima mashine. Hilo hasa ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi, na sasa limesemwa mbele ya mteja. Akatazama ufunguo uliokuwa umening'inia msumarini. Mkewe akasimama amjibu kaka yake, lakini fundi bomba alikuwa ameshatoa mkono chini ya kitambaa.

"Keti, mama. Huyu niachie mimi." Akamgeukia shemeji, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. "Ufunguo huo hauendi popote. Nimenyolewa kwenye kiti hiki miaka kumi na miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza nimepewa nafasi ya kumaliza sentensi."