Maharage Ndani ya Mota

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiroboto alifagia karakana ya baba yake, fundi wa kusuka upya mota zilizoungua. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe kwa sababu hakujua kutulia. Akishaokota vipande vya nyaya na kufunika makopo ya vanishi, alikimbilia kuchungulia jaribio lake la sayansi.

Mwalimu alikuwa amewaeleza kuwa chembe hai zinapotumia oksijeni hubakiza molekuli kali. Mwili huzizima, lakini zikizidi huharibu tishu kutoka ndani.

"Je, nguvu dhaifu ya sumaku, kama ile ya kwenye mota, huziongeza au huzipunguza?" mwalimu aliuliza. "Wataalamu bado wanabishana. Nanyi jaribuni kwa miche, kisha mniambie mlichokiona."

Kiroboto hakungoja kuona. Alijigamba darasani kwamba sumaku ya baba yake ingestawisha chochote. Akaweka kopo la maharage ndani ya fremu ya mota kubwa, katikati palipo wazi. Baba akaipitishia umeme mdogo kupitia balbu ya majaribio, mota ikaanza kuvuma. Kopo la pili lilikaa dirishani.

Maharage ya dirishani yalichipua vizuri. Yale ya ndani ya mota yalioza. Kiroboto aliona aibu, akaangalia huku na huku, akabadilisha makopo.

"Kumbe nyaya zangu zinaotesha!" baba alishangilia alipoingia. "Dada, njoo uone maajabu!"

Dada yake huyo, shangazi yake Kiroboto, aliishi nao. Alikuwa na kisukari, na kidonda cha unyayo kilikuwa kimemsumbua muda mrefu. Alichukia kwenda zahanati kusafishwa, maana kulimtoa machozi.

"Kama maharage yamestawi, mguu wangu una kosa gani?" alisema.

Tangu siku hiyo akaacha zahanati. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda, akaingiza mguu ndani ya mota. Kiroboto alitaka kusema ukweli, lakini baba alikuwa ameshamsifia kwa kila mteja. Akaendelea kufagia.

"Hauumi tena!" shangazi alitangaza siku moja. "Yule muuguzi mwenye mikono ya chuma mwambieni anisahau."

Kiroboto alikuwa akifagia karibu naye. Alisikia harufu mbaya, akainama kutazama. Vidole viwili vya mguu vilikuwa vimegeuka vyeusi. Fagio likamponyoka.

"Shangazi, toa mguu!" alilia. "Yale maharage ya kwenye mota yalioza. Nilibadilisha makopo!"

Baba alizima swichi. Hakumpiga Kiroboto wala kumkaripia. Alimbeba dada yake mpaka barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali.

Daktari aliokoa mguu, lakini vidole vile viwili ilibidi vikatwe.

"Si alisema hauumi?" baba alimuuliza muuguzi wa wodini, baada ya kumsimulia habari za mota na maharage.

"Kutoumia si kupona, kaka. Kisukari kimeua hisia za mguu, ndiyo maana hakusikia kidonda kikioza."

"Basi ni sumaku yangu iliyomla?"

"Hapo sijui, na sitakudanganya. Utafiti mmoja unasema inaongeza molekuli kali zinazoharibu tishu, mwingine unasema inazipunguza, mwingine hauoni kitu. Hata hayo maharage huenda yalikosa mwanga tu. Ninachojua ni kwamba kidonda kilihitaji kusafishwa na kutiwa dawa, naye hakupata huduma hiyo."

Kiroboto alikwenda shuleni akasimama mbele ya darasa, akasema kila kitu. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimwambia arudie jaribio, safari hii makopo yote mawili yapate mwanga sawa.

Shangazi aliporudi nyumbani, Kiroboto alimletea maji ya kunawa, akashindwa kuutazama ule mguu wenye bendeji.

"Utazame," shangazi alisema. "Mimi nilikimbia matibabu, hilo ni kosa langu. Lakini ungeniambia maharage yameoza, ningekwenda zahanati nikinung'unika njia nzima, nikarudi na vidole vyangu vyote. Usimpe mtu jibu analolipenda, mwanangu. Mpe lile uliloliona. Kikioza, sema kimeoza."