Pua ya Mama Mkwe

Jumamosi kwetu ni siku ya mkate. Mama mkwe wangu huamka kabla yetu sote. Huvaa aproni yake, hukanda unga, hulifunika donge kwa kitambaa na kuliambia, "Haya, umuka. Usinitie aibu."

Aliuza mikate miaka thelathini. Siku hizi anaoka ya nyumbani tu. Kila Jumamosi mume wangu, fundi cherehani, humwambia, "Mama, mkate wa leo umeshinda wa juzi." Na kila Jumamosi mama yake humjibu, "Acha uongo, kula."

Mwaka jana Mama aliugua sana. Alipopona, alianza tabia mpya. Mkate ukiwa ndani ya oveni, ananiita.

"Mwanangu, njoo unuse. Umeiva?"

Mimi nikavimba kichwa. Nilidhani hatimaye mama mkwe amenikubali jikoni. Kumbe sivyo.

Jumamosi moja nilikuwa uani naanika nguo. Nikasikia mlio, "Buuu!" Nikatupa shuka chini na kukimbia. Mama alikuwa ameketi sakafuni. Mlango wa oveni ulikuwa wazi. Jikoni kulinuka nywele zilizoungua.

"Mama! Umeumia?"

"Nyusi tu," akasema. "Na zenyewe zilikuwa zimeshazeeka."

Nilifunga gesi, nikamkalisha kwenye kiti, nikampa maji. Ndipo akanieleza. Alifungulia gesi ya oveni kwanza. Kisha akaanza kutafuta miwani, ili akione kiberiti. Alitafuta kabatini, mezani, dirishani. Miwani ilikuwa juu ya kichwa chake. Muda wote huo gesi ilijaa ndani ya oveni. Alipowasha njiti, moto ukamrukia.

"Lakini Mama, hukusikia harufu ya gesi?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Sijasikia harufu ya kitu chochote tangu nilipougua. Niliogopa kuwaambia. Mngenitoa jikoni."

Na kweli, mume wangu aliporudi akasema, "Basi. Mama hapiki tena. Jiko hili naliondoa kesho."

Mama hakubisha. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Akaingia chumbani kwake. Donge la unga liliumuka hadi likafurika bakuli, na hakuna aliyeligusa. Roho iliniuma. Nilimpenda mume wangu, na nilijua ni hofu iliyomsemesha. Lakini kumtoa mama huyu jikoni ni kumnyima furaha yake.

Nikaenda kwa jirani yetu, fundi wa gesi. Mtaa mzima unamwita Mama Povu, kwa sababu haendi popote bila chupa ya maji ya sabuni na sponji. Alikuja mara moja.

"Hapa nani huangalia kama gesi inavuja?" akauliza.

"Mimi," akajibu mume wangu. "Napitisha njiti inayowaka kwenye mpira wa gesi. Moto ukishika, najua inavuja."

"Na ukishajua, nani atakuja kutuambia sisi?"

Mama Povu akafungua koki ya mtungi, akapaka povu kwenye mpira wote, kutoka mtungini hadi kwenye jiko.

"Tazameni. Povu likivimba na kutoa mapovu mapya, gesi inatoka. Likitulia, hakuna shida. Kazi hii haitaki pua. Inataka macho."

"Lakini Mama hasikii harufu," mume wangu akasema.

"Na wewe ukilala unasikia? Harufu inasaidia, ila usiitegemee peke yake."

Nikamwita Mama. Alikuja shingo upande.

"Shikamoo, mama," Mama Povu akamsalimu.

"Marahaba, binti. Umekuja kuchukua jiko?"

"Nimekuja kukufundisha. Kwanza vaa miwani. Fungua dirisha. Fungua mlango wa oveni. Washa njiti, isogeze kwenye tundu la moto. Gesi ndiyo ya mwisho. Moto usiposhika, funga gesi, acha mlango wazi, subiri dakika tano. Usirudie papo hapo. Ukimaliza kuoka, funga kwenye jiko, kisha funga koki ya mtungi."

"Na ikivuja?"

"Usiwashe kiberiti. Usiguse swichi ya taa, hata kuizima, maana inaweza kutoa cheche. Funga mtungi kama unaufikia salama. Fungua milango wazi kabisa, kwa sababu gesi hii ni nzito, hukaa chini sakafuni. Kila mtu atoke. Mkiwa nje, niiteni."

Mama akagusa paji la uso. "Na hizi nyusi?"

"Zitaota, mama. Kichwa ndicho kisichoota."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Mume wangu alikubali jiko libaki, lakini aproni ilikaa pale pale mezani. Alitaka kwanza kuona kama Mama ataweza. Wiki tatu Mama hakuoka. Alipaka povu tu, kila asubuhi kabla sijawasha moto, nami nikawa natii.

Kisha mafua yakaingia nyumbani. Mimi na mume wangu tulipiga chafya usiku kucha. Kulipokucha nilitaka chai haraka. Nikashika kiberiti.

"Weka chini!" Mama akasema mlangoni. "Sijapaka povu."

"Mama, hakuna harufu yoyote."

"Leo wewe utasikia harufu gani, na pua hiyo?"

Akavaa miwani. Akafungua koki ya mtungi, akapaka povu. Pale mpira unapoungana na mtungi, mapovu yakavimba makubwa, moja baada ya lingine. Kiberiti bado kilikuwa mkononi mwangu.

Mama alifunga koki. Akafungua mlango. Akatutoa nje kama vifaranga, mume wangu akiwa na kiatu kimoja.

Mama Povu alikuta mpira umepasuka. Akaweka mpya na kuukaza kwa vibano. "Nani aliyegundua?" akauliza.

Mume wangu aliingia ndani, akachukua aproni mezani, akaikunjua. Akamvalisha mama yake na kumfunga kamba mgongoni, taratibu, kama anavyompima mteja wake anayemheshimu sana. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa mafua peke yake.

"Mama," akasema, "mkate wa leo umeshinda wa juzi."

"Hata unga sijakanda!"

"Najua, Mama."