Kitundu cha Wenye Ukoma

Haya yalimkuta rafiki yangu Hilary, ambaye hana uvumilivu hata chembe na uchafu. Jumamosi moja ya Desemba alikuwa na zamu ya kupanga maua katika kanisa letu la kale. Karibu na madhabahu pana kitundu ukutani, ambamo zamani wenye ukoma walichungulia ibada wakiwa nje. Upande wa nje kilizibwa kwa mawe tangu enzi za mababu, ila wa ndani hakiguswi. Siku hiyo kilinuka uvundo.

"Panya kafia humu. Nakiziba," alimwambia Enid, mwenzake wa zamu.

"Wee Hilary, hicho hakizibwi! Hata mama yangu alikikuta hivyohivyo."

"Basi njoo unuse wewe!"

Akashindilia humo kitambaa cha kufutia vumbi. Enid akaenda kuchota maji. Giza lilipoanza kuingia, Hilary akasikia ukutani mlio wa majimaji, kama mtu anayemung'unya mkate. Akashika ncha ya kitambaa, akavuta kwa hasira. Kikagoma, kisha kikaachia ghafla.

Kilikuwa cha moto, kinachuruzika mate mazito, kimetafunwa nusu. Na katikati yake lilikuwa limenasa jino jeusi, mzizi wake ungali unavuja damu.