Namba Aliyoiandika Vedran

Ijumaa ya Julai kwenye gati la Split watu husukumana kana kwamba baada ya feri hiyo hakuna nyingine. Vedran alikuwa amebanwa katikati yao, shati jeupe la kitani lina doa la kahawa, mtungi wa kuzamia mkononi. Mwanamke mwenye gauni jekundu lililopauka aliinama mbele yake bila hodi, akaanza kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye mtungi ule.

"Thelathini na mbili," alisema. "Nani kakupimia?"

"Dada wa dukani."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Ana macho mazuri."

"Basi atakulilia nayo vizuri."

Huyo ndiye Tonka wetu wa Komiža, kule kisiwani, anayejaza mitungi kwenye boti ya wazamiaji. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia ishirini na moja. Yeye huiongeza ikafika thelathini na mbili, au arobaini, ili wageni waweze kuzama mara tatu kwa siku, siku tano mfululizo, bila miili yao kulemewa na naitrojeni. Lakini oksijeni ikizidi, kina unachoweza kushuka kinapungua. Ukishuka nayo kupita mpaka wake, degedege hukushika bila taarifa, mpira wa hewa unachomoka mdomoni, na umekwisha. Ndiyo maana kila mzamiaji hupima mtungi wake kwa mkono wake, akaandika namba na kutia sahihi kwenye daftari la boti.

Kwa Tonka haikuwa sheria ya boti tu. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba yake alishuka na mtungi ambao namba yake iliandikwa na Mate, mdogo wa baba huyo. Namba ilikuwa imekosewa. Walimpandisha maiti. Tangu siku hiyo Tonka hajamsalimia baba mdogo wake, ingawa duka lake la mikate liko hatua hamsini kutoka kwao. Sote tunapanga foleni kununua pogača yake, mkate wa dagaa na vitunguu. Tonka hupanda basi hadi upande wa pili wa kisiwa kununua mkate.

Kufikia Agosti, Vedran alikuwa anakuja kila Ijumaa kutoka Zagreb, anakotengeneza miwani. Katikati ya wiki walipigiana simu hadi masikio yakapata moto. Alimpenda, na mapenzi yakampa wazo la kijinga: asubuhi moja aliupima mtungi wa Tonka kabla hajaamka, akaandika namba na chini yake akaandika "mpenzi". Tonka aliisoma, akatabasamu, kisha akachukua kipimo na kupima upya mbele ya wote. Namba ilikuwa sahihi.

"Mwezi mzima unalala kifuani kwangu," Vedran alisema, "na kwa tarakimu mbili tu huniamini?"

"Sijasema hivyo."

"Umepima, Tonka."

Aliondoka na feri ya mchana. Wiki tatu simu ilikuwa kimya, na Tonka akakonda kwa ukaidi wake mwenyewe. Mwishowe alipiga yeye.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Sauti yako ina njaa. Njoo kwenye safari ya mwisho ya msimu. Utanipimia wewe."

"Una hakika?"

"Nimechoka kuogopa, Vedran."

Ningekuwa karibu ningempokonya ile simu. Lakini nani humsikiliza mtu wa pembeni watu wakipatana?

Siku ya tatu ya safari bahari ilikuwa imelala, nzito, bila upepo hata wa kupeperusha taulo. Sikio la kushoto la Vedran lilikuwa limeziba tangu jana yake, kwa hiyo asingezama. Alipewa kazi yake: mitungi miwili ya Tonka, mmoja wa arobaini kwa mwamba wa kina kifupi, mchana, mwingine wa thelathini na mbili kwa meli iliyozama, mita thelathini na tatu, asubuhi ile. Aliipima yote miwili vizuri. Aliziandika karatasi zote mbili vizuri. Lakini mfukoni alikuwa na pete, na akili yake ilikuwa imezama kwenye pete, akazibandika karatasi kinyume.

Tonka aliitazama namba: thelathini na mbili. Mkono wake ulikwenda kwenye kipimo, ukasimama hewani, ukarudi. Alimbusu Vedran, akavuta barakoa, akaruka. Wageni wanne walimfuata na kiongozi wao.

Vedran alibaki akifunga pete kwa uzi kwenye shingo ya mtungi wa pili, ili aikute akirudi. Kipimo kilikuwa bado kinawaka kando yake. Kwa mchezo tu alikisogeza kwenye valvu, akaifungua kidogo.

Thelathini na mbili.

Alipima tena. Kisha aliisoma karatasi aliyoiandika mwenyewe, arobaini. Basi ile arobaini yenyewe Tonka alikuwa ameshuka nayo. Nahodha anasema hakupiga kelele. Alivaa tu mtungi ule ule, pete ikining'inia, akaruka.

Katika mita ya nane sikio lilianza kumchoma. Katika mita ya kumi na nne kitu kikapasuka ndani na maji baridi yakaingia, dunia ikazunguka. Aliishika kamba ya nanga akaendelea kushuka. Tonka alikuwa anaelea juu ya sitaha ya meli, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inachezacheza, dalili ya kwanza ya degedege, yeye mwenyewe hajui. Vedran alimwonyesha kidole gumba: juu.

Tonka alitikisa kichwa. Hewa ilikuwa tele, wageni walikuwa salama. Alimwona mtu aliyepaswa kuwa botini, macho yamemtoka, pembeni ya sikio kuna wingu jembamba la damu. Alikuwa na kila sababu ya kubisha. Alimtazama machoni, akamshika mkono, akapanda naye.

Botini Tonka alichukua kipimo, akauweka mtungi wake mapajani, akasoma: arobaini. Vedran alikaa sakafuni, damu ikimtiririka shingoni.

"Nilizibandika kinyume," alisema. "Nitaondoka. Hutaniona tena."

Tonka alifungua daftari la boti. Mahali pa sahihi yake palikuwa peupe. Alilitazama pengo lile, akaanza kulia, kilio cha mtoto wa miaka kumi na mitatu.

"Hata baba hakusaini," alisema. "Nilikuwa najua. Daftari lake lilikuwa hivi hivi. Mwenye mtungi ni yeye, alipaswa kupima, na mimi nimemtesa baba mdogo miaka kumi na sita."

Aliandika: *Sikupima.* Akatia sahihi. Kisha akakata uzi, akaifumba pete kiganjani bila kuivaa.

Kesho yake jioni, boti ikiwa imerudi Komiža mapema, tulikuwa kwenye foleni ya mkate Tonka alipoingia, Vedran nyuma yake ana bandeji sikioni. Mate alibaki ameshika pogača mkononi.

"Baba mdogo," Tonka alisema. "Shikamoo. Nimechumbiwa, na sina wa kunipeleka kanisani."