Jina la Mamy Juu Kabisa

Kila asubuhi pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Antoinette alianza na sala, kisha simu. Wanakwaya wenzake walikuwa wametuma picha za maua na mistari ya Biblia. Alimjibu kila mmoja, "Amina, mpendwa." Kuacha salamu ya mtu wa Mungu bila jibu, kwake kilikuwa kiburi. Kabla hajamaliza, wateja wa cherehani wanaita. Simu inawekwa chini.

Vita ilikuwa imeingia Uvira, mji wa kwao. Mdogo wake, Mamy, alikimbia na mama yao mgonjwa. Antoinette alingoja habari zao.

"Mamy akiandika, ujumbe wake utatokea juu," alijiambia. "Simu inajua habari kubwa."

Jirani yake Godelive, anayefundisha kompyuta kambini, alimkuta analia.

"Mama Ezechiel," alimwita kwa jina la mwanawe, "kuna nini?"

"Mamy ananyamaza."

"Ulitafuta kule chini?"

"Chini ya nini?"

Godelive akasogeza kidole kwenye kioo cha simu. Maua, maua, maua. Kisha jina la Mamy, na ujumbe wa sauti wa wiki iliyopita.

"Yaya, dada yangu mukubwa, tuko Burundi. Mama iko mubaya, ugonjwa umezidi. Anaomba kusikia sauti yako. Utupigie leo."

Chini yake, maandishi ya juzi: "Mama ametuacha. Tumemuzika."

Antoinette akaketi sakafuni. "Mbona simu haikunionyesha?"

Godelive akaketi naye. Walilia kwanza. Kisha Godelive akasema polepole, "Simu haijui mama ni nani. Batu bale baliitengeneza, mafundi wake, balichagua hivi: kilichoingia mwisho kinakaa juu. Maua ya leo yanafunika kilio cha jana. Lakini baliweka njia ingine. Gandamiza jina la Mamy, usitoe kidole. Unaona alama ya pini? Iguse. Sasa hatashuka tena, hata kanisa lote likusalimie."

Antoinette akaigusa. Matanga yalipoisha, aliwaonyesha wanakwaya wote.

Mwezi uliofuata, jina la Mamy likawaka juu kabisa: "Yaya, nimetoka Burundi kukufuata, niko Lilongwe, soko ya Kawale. Sijui njia ya kufika kambini."

Antoinette aliacha salamu zote, akaondoka palepale. Alimkuta Mamy amekalia mfuko wake, amekonda.

"Mama aliuliza kama umemukasirikia," Mamy alisema. "Nikamwambia simu yako imeharibika."

"Simu ilikuwa muzima, mudogo wangu."

Mamy akainuka. Antoinette akajitwisha ule mfuko, akamshika mkono, wakaenda wakilia.